Kaseti Iliyokuwa Inakimbia

Baba yangu,

Kamwene. Na shikamoo juu yake, maana najua utasema watoto tukihamia Mbeya tunaacha salamu zote mbili.

Barua hii haiji kwako peke yako, unisamehe. Nimeibandika kwenye mlango wa ukumbi wa Uyole, pale wanapobandika matangazo ya bonanza, na nimeiweka pia kwenye ukurasa wa bendi. Mdogo wangu Neema nimemtumia kwenye simu akusomee huko Idodi mnakoishi sasa, na nimemwambia asome polepole asiruke hata pale anaponiona mjinga. Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza kifamilia, wewe ukasema "yamekwisha, mama", nami nikajifanya nimeamini. Lakini nilikudhalilisha kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima. Siwezi kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Wapo watakaosoma bila kukujua, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe mambo ambayo wewe huna haja ya kukumbushwa. Wewe ndiye uliyekuwa mpuliza saksafoni wa Njia Panda Jazz ya Nyololo, bendi iliyokuwa ikipiga kuanzia Makambako hadi Iringa mjini, vyombo vikiwa kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi ya mtu. Kila bendi siku zile ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na wa kwenu uliitwa Kung'uta Umande, kwa sababu watu walirudi makwao asubuhi wakiukung'uta kwenye pindo za suruali. Ulikuwa ukituambia kwamba bendi isiyo na mtindo ni kama mtu asiye na ukoo: chakula atakaribishwa, mke hapewi.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka chuoni Iringa na ujuaji wangu? Nilikuwa nimesikia jazz ya Marekani kwa rafiki yangu, nikaja moja kwa moja kukufundisha. Ulikuwa umekaa uani unapukuchua mahindi. Nikakwambia, "Baba, ninyi hamkuwa jazz. Jazz yenyewe mtu anapuliza anakwenda zake mpaka anasahau alikotoka. Ninyi mlikuwa mnapiga dansi tu." Mtu mwingine angenirushia gunzi. Wewe ulicheka.

"Wao wana yao," ukasema. "Sisi tukisema jazz tulikuwa na maana ya tarumbeta zinazong'aa, gitaa la umeme, na suti za kufanana zilizoshonwa na fundi mmoja." Ukapukuchua kidogo, ukaendelea. "Halafu kuna jambo lingine. Jazz, mwanamke aliyevaa viatu virefu lazima aweze kucheza huku anaongea na mtu wake. Wakishindwa kuongea, hiyo siyo jazz tena. Hizo ni mbio."

Mama akadakia kutoka jikoni, kwa ile sauti yake nzito iliyofanya kwaya ya kanisani imweke sauti ya tatu pamoja na wanaume: "Na mwanamume naye ajibu! Siyo anasemeshwa amekaa kama gogo." Ukainamisha kichwa. Tulijua mlikutana kwenye ukumbi wa Mafinga, na tulijua nani alikuwa na viatu virefu na nani alikuwa gogo.

Sasa nije kwenye kaseti, maana aibu yangu yote imeanzia hapo.

Mlikwenda Dar es Salaam kurekodi redioni. Ulituhadithia mara nyingi: chumba kimoja, wote mnapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia wote, na wewe ulisimamishwa karibu na mlango kwa sababu saksafoni yako ilikuwa inawafunika waimbaji. Mkarekodi wimbo uliomtungia mama. Siku ulipotangazwa kwamba utapigwa redioni, wewe ulikuwa safarini na bendi, na mama akaazima redio kaseti ya mwalimu jirani yetu ili aunase, aiweke mbele ya redio yetu. Betri zilikuwa juu ya bati zimeanikwa, kama kila nyumba ilivyokuwa ikianika betri zilizochoka ili jua lizitie nguvu. Ila Nyololo wiki ile ilikuwa ukungu mtupu. Zikashuka baridi kama zilivyopanda. Mama akazigusa moja moja, zile zenye afadhali akazitia kwenye redio, zilizobaki akazitia kwenye kaseti ya mwalimu.

Nilikuwa nimekaa chini, uso wangu umekaribia kabisa kile kidirisha. Niliona magurudumu ya kaseti yakizunguka kwa uvivu. Nilidhani ndivyo kaseti zinavyozunguka. Mimi na Neema tukaanza kugombana, mama akasema, "Nyamazeni! Huyo ni baba yenu," na sauti yake ikaingia kwenye kaseti, kisha ukaingia wewe.

Hiyo ndiyo kaseti tuliyokulia nayo. Umeme ulipofika na sisi tukanunua redio ya kuchomeka ukutani, tuliipiga kila mgeni akija. Ilikuwa tamu, baba. Magitaa yanakimbizana, wewe unapuliza juu, sauti nyembamba, kasi. Na kabla ya yote, mama akituambia tunyamaze kwa kisauti cha msichana. Tulimtania kwamba kuzaa na moshi wa kuni vimemharibu koo. Mama mwenyewe alicheka, akasema kweli, alikuwa msichana.

Wewe hukukaa hata siku moja ukaisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa ikianza tu, unakumbuka kitu nje. Jembe, kuku, jirani. Mara moja ulisema mlangoni, "Hiyo inakimbia," ukaenda zako. Na baada ya kumzika mama, tulipokaa na shangazi zetu sebuleni tukaiweka ili tumsikie, ulisimama ukasema, "Huyu siyo mama yenu." Shangazi wakatuambia tukuache, ni uchungu. Tukakuacha. Hakuna aliyekuuliza ulikuwa na maana gani, nami mkubwa wao sikuuliza.

Nilipoanzisha bendi hapa Uyole nikaiita Wajukuu, na wimbo wa kwanza tuliojifunza ulikuwa huo. Mpiga solo wetu alihangaika na gitaa lake mpaka akachoka, maana wimbo ulikuwa hauangukii popote, umekaa katikati ya sauti mbili. Tukaamua kuvuta nyuzi zifuate kaseti. Kinanda tukakipandisha kidogo kwa kitufe. Mpaka hapo, baba, mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini watu wazima warekodi wimbo mahali pasipo na sauti. Sisi tulisema wazee walikuwa na siri zao.

Watu wakaupenda. Wauza viazi, madereva wa malori wanaolala Uyole, vijana wa chuo cha kilimo, wote wakitoka jasho. Kila Jumapili alasiri walikuwa wanaudai. Nikajiona nimekurithi. Nikatangaza kwamba mwenye wimbo yupo, yuko hai, na nitamleta.

Ukaja. Koti lile la kijivu, kofia, na saksafoni umeifunga kwenye khanga ya mama. Basi lilichelewa, hatukupata hata nafasi ya mazoezi. Nyuma ya jukwaa ukasema, "Nipeni sauti," kijana wa kinanda akakupa. Ukapuliza. Ukasukuma mdomo wa saksafoni ndani ili sauti ipande, ukapuliza tena. Ukausukuma mpaka ukagota.

"Mbona mko juu?" ukaniuliza.

"Ndivyo ilivyo kwenye kaseti, baba."

"Kaseti," ukasema. Hilo neno tu.

Nami nikakujibu kwa haraka, mbele ya vijana wangu, "Baba, wewe puliza tu. Watu wanasubiri."

Yaliyofuata waliyaona wote waliokuwepo. Wimbo ukaanza na mbio zake, ukaingia, na kila sauti uliyotoa ilikuwa pembeni ya sauti yetu, chini kidogo, kama mlango usiokaa kwenye fremu yake. Watu wakapiga makofi ya heshima, kisha wakaanza kutazamana, kisha nikasikia kicheko upande wa baa. Ulijaribu kukimbia na sisi. Niliona vidole vyako vikihangaika. Mshereheshaji, ambaye hana pa kuacha mdomo wake, akasema, "Mzee, hiyo saksafoni imeshikwa na homa?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Ningeweza kusimamisha bendi. Ningeweza kuja nikasimama karibu yako, basi. Badala yake nilishika kipaza sauti nikatabasamu, nikasema, "Mtusamehe jamani. Mzee wetu amechoka, wimbo wake mwenyewe umeshamshinda."

Nimeandika sentensi hiyo kama nilivyoisema, kwa sababu waliosikia wapo na watanikumbusha nikipunguza. Wewe ulitoa leso ukaufuta mdomo wa saksafoni, ukainamia watu kidogo, kama ulivyokuwa ukiwainamia akina mama enzi zako, ukaenda kukaa kwenye kiti karibu na spika. Ulikaa hapo mpaka tukamaliza. Kila wimbo ulipokwisha ulitupigia makofi.

Nyumbani ulikula vizuri. Uliniambia, "Mnapiga vizuri, mama." Hujawahi kuniita jina langu tangu nizaliwe, kwa kuwa ulinipa la mama yako, lakini siku hiyo neno hilo lilinichoma. Asubuhi ulipanda basi la Iringa ili uunganishe Idodi, nami nilipoingia chumbani kutandika nikaikuta saksafoni juu ya kiti, imefungwa kwenye khanga. Nilikimbia nayo mpaka stendi. Ulikuwa dirishani. Nikakunyooshea, hukuipokea.

"Waachie wanaoweza," ukasema, na basi likaondoka.

Nikaisukuma chini ya kitanda. Nitakwambia ukweli mbaya zaidi: nilianza kutafuta mtu wa kujaza nafasi yako. Nikampata kijana mmoja wa tarumbeta za kanisani, anasoma noti vizuri, ila akasema kipande chako kinakwenda mbio mno hakikamatiki. Kuna programu ya simu tunayoitumia kwenye bendi kujifunzia, inapunguza mwendo wa wimbo ili mtu asikie kila kitu. Wimbo tulikuwa tumeshauingiza kwenye simu. Nikaweka simu mezani jikoni, nikawa namenya viazi huku narudisha mwendo nyuma kidogo kidogo, nikaiacha na sauti ishuke pamoja nao.

Mama akasema, "Nyamazeni. Huyo ni baba yenu."

Mama, baba. Mama wa sauti ya tatu. Mama wa "siyo anasemeshwa amekaa kama gogo." Nilirudisha nyuma nikamsikiliza tena, na tena, nikalia mpaka jirani akagonga kuuliza kuna msiba gani.

Nilipoweza kunyamaza niliuacha wimbo uendelee. Ukaingia wewe. Hukuwa unakimbia popote. Ulikuwa unapuliza kama mtu anayemweleza mtu jambo, unasema kidogo, unasubiri, gitaa linajibu, unaendelea. Nikavuta saksafoni chini ya kitanda. Sijui kupuliza, unajua, ila sauti ile moja uliyonifundisha nikiwa mdogo bado ninayo. Nikaipuliza juu ya wimbo. Ikakaa pale pale, haikuwa juu wala chini.

Ndipo nikayaona magurudumu yale ya uvivu nyuma ya kidirisha. Betri za mama zilikuwa zimechoka, kaseti ikanasa polepole, na sisi tukaja kuipiga kwa umeme wa TANESCO, ikakimbia miaka yote. Wimbo haukukushinda. Sisi ndio tulioupeleka mahali ambapo saksafoni haifiki, tukakuita huko, tukakucheka. Nawe ulishasema. Ulisema inakimbia. Ulisema huyu siyo mama yenu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunja lako.

Aibu ninayo, baba, na sijui niitue wapi. Nikipita sokoni Uyole mtu akiniita "mwanamuziki" natamani kujifunika. Nilikuwa na mwenye wimbo nyumbani kwangu, anakunywa chai yangu, na nikaamini kaseti. Naona aibu zaidi nikifikiri njia nzima ile, Igawa, Makambako, Nyololo kwetu, Mafinga, ukiitazama dirishani ukiwa umeamini kwamba masikio yako yamekufa. Sijui kama uliamini hivyo. Naogopa kwamba uliamini.

Niliwaeleza vijana. Mpiga besi akasema, "Dada, sawa, tumeelewa. Lakini watu wameshauzoea hivi. Ukiupunguza watakaa chini, na tajiri wa ukumbi atatafuta bendi nyingine." Nikamwambia basi wakae. Tukalegeza nyuzi, tukarudisha kitufe cha kinanda mahali pake. Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho, tulikuwa tunauangukia wimbo mbele kama watu walioshuka kwenye gari kabla halijasimama. Mpiga drums alilalamika, "Dada, huu mwendo unanipa muda wa kuogopa." Nikamwambia hiyo ndiyo Kung'uta Umande.

Jumapili iliyopita tuliupiga. Kabla ya kuanza nilichukua kipaza sauti kile kile nikawaeleza watu habari za betri, na nikayarudia maneno yale niliyosema juu yako, na nikasema yalikuwa uongo. Tulipoanza, wengi walikaa chini kweli. Vijana wa chuo walitoa simu zao. Nilidhani mpiga besi alikuwa amesema kweli, na nikawa tayari kwa hilo.

Kisha akasimama mama mmoja muuza viazi, mtu mzima, amekuja na viatu virefu ambavyo siku zote huvivua wimbo huu ukianza. Safari hii hakuvivua. Akamvuta mumewe. Walikuwa wanazunguka taratibu, na nikaona midomo ya yule mama inakwenda. Alikuwa anamsemesha. Yule mwanamume akasikiliza, akasikiliza, halafu akainama akamjibu. Nilipoteza ubeti, baba. Vijana wakazunguka na gitaa mpaka nikapata sauti tena.

Mahali pako tumepaacha wazi. Kijana wa kanisani nimemshukuru nimemwambia basi. Ikifika pale unapoingia, gitaa linasema neno lake halafu sisi sote tunasubiri, na watu wanasikia kwamba kuna mtu hayupo. Jumapili hii tutafanya hivyo, na ile nyingine. Sikulazimishi kuja. Ukisema umemaliza na majukwaa, nitakubali, na saksafoni nitakuletea Idodi mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa sababu ni yako, iwe unapuliza au umeitundika ukutani. Ila usiiache kwangu kwa kuamini kwamba hukuweza. Hilo ndilo ninaloliomba.

Na ombi lingine, dogo. Neema anao wimbo kwenye simu, ule uliokwenda mwendo wake. Akimaliza kusoma hapa atauwasha. Najua utataka kusimama, najua utakumbuka kuku. Tafadhali kaa, baba. Safari hii usitoke nje. Ni mama.

Binti yako wa kwanza,
uliyempa jina la mama yako